Mbolea mmetupatia, nyanya tuzipeleke wapi?

Jumamosi nilishuka Ilula, mkoani Iringa, kumsalimia mjomba. Kabla hatujamalizana "kamwene", pua ilishanipa habari. Nyuma ya nyumba, karibu na migomba, kuna lundo la nyanya limefika usawa wa kiuno. Nzi wanalisherehekea. Ng'ombe wa jirani kasimama pembeni analitazama tu. Ameshazila mpaka zimemkinai.

Mjomba hakuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikaa juu ya tenga tupu, akaokota kijiti, akanipigia hesabu mchangani kama mtu anayemfundisha mtoto wa darasa la pili. Mchuuzi anatoa 5,000 kwa tenga lililojaa mpaka limevimba, na tenga analiondoa nalo. Tenga tupu limenunuliwa 2,500. Mchumaji 1,000. Bodaboda kutoka shambani mpaka barabara kuu 1,000.

"Nabaki na mia tano, mpwa wangu. Hapo bado dawa ya kantangaze, huyu mdudu anayetoboa nyanya."

Yaani tenga tupu lina thamani kuliko anachobaki nacho mjomba kwa nyanya zilizomo. Tukiwa hapohapo, simu yake ikalia. Ujumbe: mkulima anakumbushwa kuhuisha taarifa zake ili apate mbolea ya ruzuku. Nilitamani niichukue ile simu niitupe kwenye lundo.

Sasa msije mkanirukia. Ruzuku ya mbolea imesaidia, nakiri, ingawa nakiri kwa shingo upande. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopaisha bei, mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipita laki na ishirini, na serikali ikaushusha mpaka 70,000. Mjomba alinunua mifuko yake na akashukuru. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo imetoka bilioni 294 mwaka 2021/22 ikapita trilioni moja mwaka 2024/25. Hela ipo. Ndiyo maana nauliza kwa sauti.

Mbolea ikishuka bei, nani anaipata? Wote. Wote wakiipata wanafanya nini? Wanapanua shamba, wote, msimu uleule, na wanachuma wiki ileile. Kwa mahindi hilo si tatizo kubwa: unapukuchua, unaweka ghalani, NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, wakija kununua sawa, wasipokuja unakula ugali mpaka mwakani. Nyanya haina subira hiyo. Ikishaiva ina siku chache tu, na mchuuzi anazijua siku hizo kuliko wewe. Anapaki lori lake, anakunywa chai, anasubiri. Jana 8,000, leo 5,000, kesho utamwomba achukue bure akuachie tenga. Kwa hiyo ukimpa mkulima wa nyanya mbolea ya bei nafuu bila kumpa mahali pa kuzihifadhi hata siku kumi, umemnunulia mchuuzi nyanya za bei rahisi. Ruzuku ni ya mchuuzi. Jina tu ndilo la mjomba.

Halafu nenda dukani uombe nyanya ya kopo. Geuza kopo usome nyuma. China! Hapo dukani ni mwendo wa nusu saa kutoka lilipo lundo letu.

Korosho ina bodi na minada, pamba ina bodi, kahawa ina bodi. Nyanya, kitunguu na kabichi vina dalali.

Mtaniambia fedha za miradi ya mboga na matunda zipo, watu waandike maandiko ya kuziomba. Haya, tuongee habari ya maandiko. Kuna kikundi cha kina mama nakifahamu, sitakitaja, kiliombwa andiko la kurasa ishirini: uchambuzi wa soko, mtiririko wa fedha wa miaka mitatu, mkakati wa jinsia (kikundi chote ni wanawake!). Wakaenda kwa kijana wa stationari, akawachapia kwa 80,000. Ukurasa wa saba ulizungumzia chanjo ya vifaranga, maana alikopi andiko la kikundi kingine cha kuku. Hakuna aliyegundua. Mfadhili akaleta kitalu nyumba, lile banda la nailoni la kulimia mboga. Upepo wa Agosti ukachana nailoni, fundi wa kuirudishia hakupatikana, na leo hii ndani mle wanafuga kuku. Andiko limetimia.

Ulaya mkulima wa matunda na mboga anapata ruzuku kupitia kikundi chake: wakulima wanachangia mfuko wao, Umoja wa Ulaya unaongeza kama kiasi kilekile, na wenyewe wanaamua kujenga chumba cha baridi au mashine ya kuchambua na kupaki. Bei ikianguka, upo utaratibu wa kuondoa mzigo sokoni na kuugawa bure mashuleni na kwa wasiojiweza, na mkulima akalipwa. Najua, wale wana hela. Lakini hata sisi si tumetoa hela? Tumeitoa yote mwanzoni mwa msimu, mwisho wa msimu tumemwachia Mungu.

Mimi sidai maajabu. Chumba kimoja cha baridi kando ya barabara kuu, kinachoendeshwa na chama cha wakulima wenyewe. Makreti ya plastiki ya kuazima, maana nyanya za chini ya tenga huwa zimeshakuwa supu kabla lori halijafika Morogoro. Kibarabara cha kilomita nne kinachopitika wakati wa masika. Na huo ushuru wa mageti: tuliambiwa tangu 2017 kwamba mzigo usiozidi tani moja haulipiwi ukivuka halmashauri. Nenda ukamweleze hivyo kijana wa getini saa tisa usiku, nyanya zinachuruzika.

Nilipoaga, mjomba alinisindikiza mpaka stendi na kunipa ndoo ya nyanya, nzuri, ngumu, za kuchagua mojamoja. Jana kanipigia. Anaandaa kitalu kingine, ameshahuisha taarifa zake, mbolea atapata. Ila mbegu chotara zimepanda bei, kama ninaweza kumsaidia kidogo.

Nimemtumia.