Baraza la uchumi la waziri mkuu wa India: mshauri au mtetezi?

Septemba 2017, baada ya ukuaji wa uchumi wa India kushuka hadi asilimia 5.7 katika robo mwaka ya Aprili hadi Juni, Waziri Mkuu Narendra Modi aliliunda upya Baraza la Ushauri wa Uchumi na kumkabidhi mchumi Bibek Debroy uenyekiti. Mtangulizi wake, Manmohan Singh, naye alikuwa na lake, likiongozwa kwa muda mrefu na mchumi C. Rangarajan. Baraza hili halimo kwenye Katiba wala halikuundwa kwa sheria. Muda wake ukiisha, kuliongezea au kulivunja ni hiari ya serikali iliyopo.

Faida yake ni ya kweli. Mshauri Mkuu wa Uchumi yuko Wizara ya Fedha, palepale bajeti inapoandaliwa. Kiongozi wa serikali anahitaji mtu mwingine wa kumwambia, kabla bajeti haijasomwa, kwamba makadirio ya kodi yamevimbishwa. Baraza lina ruhusa ya kujibu alichouliza waziri mkuu, na hata kumpelekea jambo ambalo hakuliuliza.

Tatizo huanza baraza linapogeuka msemaji wa serikali. Juni 2019 Arvind Subramanian, aliyekuwa Mshauri Mkuu hadi 2018, alitoa utafiti wa viashiria 17 vya shughuli za uchumi akidai kwamba kati ya 2011/12 na 2016/17 uchumi ulikua kwa takribani asilimia 4.5 kwa mwaka, si karibu 7 iliyotangazwa. Baraza likamjibu hoja kwa hoja: ameacha takwimu za kodi, na viashiria vyake havigusi vya kutosha huduma na kilimo. Majibu hayo yalikuwa na uzito, maana ukuaji wa huduma haupimwi kwa tani za saruji. Lakini kutetea takwimu ni kazi ya wizara ya takwimu. Mshauri aliyekwisha kuzilinda hadharani, siku akigundua kasoro ataanzia wapi kumweleza waziri mkuu?

Mwaka huohuo mjumbe wa baraza Rathin Roy alieleza hadharani wasiwasi wake kuhusu mpango wa serikali kukopa nje kwa hati fungani za fedha za kigeni. Septemba baraza lilipoundwa upya, hakuwamo. Sidai kwamba moja lilizaa jingine. Ila mjumbe asiyelindwa na sheria hulazimika kupima kila neno.

Ujerumani ina sheria ya 1963 kuhusu baraza lake la ushauri wa uchumi: wataalamu watano, kipindi cha miaka 5, ripoti kila Novemba, na serikali sharti iijibu ndani ya wiki nane. Sheria hiyo inawakataza hata kupendekeza hatua mahususi, katazo ambalo kwa India lingekuwa kali mno. Wajibu wa kujibu ndio ningeuchukua kwanza. Nyaraka za siri kwa waziri mkuu zingeendelea kama kawaida.