Kwa kompyuta ya Kibirizi, nachagua Lazarus

Tukikutana waandishi wa programu hapa Kigoma, swali la kwanza huwa ni unatumia lugha gani. Mimi naanza na jingine: programu itakaa kwenye kompyuta gani?

Mteja wangu mmoja ni mama anayeuza dagaa kwa jumla Kibirizi. Mezani ana kompyuta ya mtumba, RAM ni GB 4, herufi A kwenye kibodi imefutika kabisa. Umeme ukikatika, inazima papo hapo. Intaneti yake ni bando la simu. Mara ya kwanza nilimtengenezea programu ya mauzo kwa Electron, zana ya kutengeneza programu za kompyuta kwa teknolojia za tovuti, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kazi za tovuti. Kila programu ya Electron hubeba ndani yake injini nzima ya kivinjari cha Chromium, na mzigo wote huo ni ili mtu aandike kilo na bei! Asubuhi wanunuzi wamejaa, magunia yako mlangoni, dirisha limeganda. "Mwanangu, imegoma tena," akanipigia, akarudi kwenye daftari lake. Iliniuma, maana alishanilipa.

Nikaiandika upya kwa Lazarus, zana ya kutengenezea programu za madirisha kwa lugha ya Pascal, ndugu wa Delphi ile iliyotoka 1995, ila hii ni ya bure na unaruhusiwa kuuza ulichotengeneza nayo. Unaweka kwenye fomu vijenzi, yaani vipande vilivyo tayari, kama cha muunganisho, cha kuulizia data na cha chanzo cha data, kisha jedwali la DBGrid. Mauzo yanaonekana kwenye jedwali kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Lugha ya Python na maktaba yake ya madirisha, Tkinter, naipenda kwa kufundishia, lakini jedwali la kuhariri kama hilo utalijenga mwenyewe. Kwa mama nilipeleka flashi yenye faili la programu na sqlite3.dll, faili linaloendesha hifadhidata, pembeni yake, basi.

Kuna mtego mmoja ulionikamata. Ukibadilisha kitu kwenye DBGrid na kukithibitisha, bado kiko kwenye kumbukumbu ya muda. Lazima uite amri ya ApplyUpdates, inayopeleka mabadiliko kwenye hifadhidata, halafu Commit, inayoyahifadhi kabisa. Mimi nilisahau, na mauzo ya Jumamosi nzima yakapotea alipofunga programu. Tuliyaandika tena kutoka kwenye stakabadhi, mimi na yeye, hadi usiku.

Hifadhidata yenyewe ni SQLite, faili moja tu ambalo jioni analinakili kwenye flashi. Nilichokipenda zaidi ni tabia yake umeme unapokatika. Kuuza gunia kunagusa sehemu mbili, mauzo na stoo, nami nimeziweka ndani ya muamala mmoja, yaani zote mbili zihifadhiwe au isihifadhiwe hata moja. Umeme ukikatika katikati, pembeni ya faili hubaki jingine linaloishia na "-journal". Programu ikifunguliwa tena, SQLite inalisoma na kurudisha data ilivyokuwa kabla ya muamala ule. Hakuna gunia lililotoka stoo bila kuuzwa.

Sasa mama anataka kompyuta ya pili ghalani, nyuma ya duka. Kijana wake alishauri faili liwekwe kwenye folda ya pamoja, nikakataa: kufuli la faili, linalozuia wawili wasiandike kwa wakati mmoja, mara nyingi haliaminiki kupitia mtandao, na wawili wakiandika kwa pamoja data inaweza kuharibika. Tunahamia PostgreSQL, hifadhidata ya seva inayohudumia kompyuta nyingi kwa pamoja. Kwenye Lazarus nabadilisha kijenzi cha muunganisho na kurekebisha maswali machache ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Madirisha aliyoyazoea yanabaki vilevile. Jumatatu naenda kuvuta waya.