Sabuni Kwanza, Halafu Bodaboda

Mwezi wa nne mpwa wangu wa miaka minane aliumwa na mbwa huku Uru, karibu na mji wa Moshi, kwenye kijia cha mferejini kinachopita katikati ya migomba. Hakuwa mbwa wa jirani. Alitokea tu, akamng'ata mtoto shavu la mguu, akaendelea na safari yake bila hata kubweka. Nilipofika kwa dada nilikuta jeraha limebandikwa ugoro na bodaboda inanguruma getini.

Aliyebandika ni bibi jirani, mama aliyetulea nusu ya kijiji.

"Shikamoo bibi. Naomba tumwoshe kwanza kwa sabuni."

"Marahaba mwanangu. Sumu ya mbwa itatokaje kwa sabuni? Mkimbizeni hospitali."

Hospitali ni lazima, hapo bibi alikuwa sahihi kabisa. Lakini neno "sumu" limenikaa kichwani tangu siku ile. Tulichokihofia ni kichaa cha mbwa, na kinacholeta ugonjwa huo ni kirusi, si sumu. Anayeamini kwamba mbwa ameingiza sumu kwenye damu, kwake sabuni ni mchezo wa watoto. Ataiacha, atawahi gari. Kilichonichoma zaidi ni kaka yake mtoto, yuko kidato cha nne, alikuwa amesimama palepale. Kijana huyo anachora kirusi vizuri na kuandika majina ya sehemu zake zote. Hakuna aliyemwambia kwamba ule mstari wa nje anaouchora ni mafuta. Nami ni mwalimu wa biolojia, kwa hiyo nalisema hili kwa uchungu.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi, upande mmoja duara, mwingine bapa. Urefu wake ni kama nanomita 180 na upana 75; nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Ukivipanga kimoja nyuma ya kingine, utahitaji zaidi ya 5,000 kujaza milimita moja. Ndani kuna uzi wa RNA, yaani maandishi yake ya urithi, wenye herufi karibu 12,000, na maelekezo yake ni ya kutengeneza protini 5 tu. Tano! Kwa protini hizo chache kinamwangusha ng'ombe. Hakina tumbo wala pumzi. Kikiwa nje ya seli ni mzigo tu unaosubiri wa kuupokea.

Nje kimevaa utando wa mafuta, na utando huo si mali yake. Kimeuchukua kwenye seli kilimozaliwa, kama mgeni anayeondoka na khanga ya mwenyeji wake. Juu ya utando imesimama miiba ya protini, na miiba hiyo ndiyo ufunguo wa kuingilia seli nyingine.

Sasa fikiria sufuria iliyopikiwa mtori wa nyama yenye mafuta. Maji matupu hayaisafishi. Sabuni inaiweza kwa sababu chembe zake zina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Zinapokutana na utando wa kirusi hufanya kazi ileile: utando unachanika, miiba inasambaratika, na uzi wa RNA unabaki bila ufunguo. Virusi vya polio havina utando huo, vimevaa ganda la protini tupu, kwa hiyo sabuni huvisukuma tu viondoke na maji. Hiki cha kichaa cha mbwa, pamoja na ukali wake wote, kimevaa nguo dhaifu. Tuitumie bahati hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuosha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Ni muda mrefu mtoto akilia, najua. Lakini tundu la jino ni la kina, na kila kirusi kinachoondoka pale ni kimoja pungufu kwenye mbio zinazofuata. Vilivyobaki hushika mahali mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, vikaingia, na mshipa wenyewe ndio unaovibeba kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Humo ndani askari wa kinga ya mwili hawavioni vizuri. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi, na kipindi hicho ndicho chanjo hutumia kuufundisha mwili kuitambua ile miiba. Vikishaufikia ubongo huzaliana, kisha hushuka kwenye tezi za mate. Koo hukakamaa, kumeza kunakuwa mateso, mate yenye virusi yanajaa kinywani, na mbwa anashikwa na hamu ya kung'ata. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo tangazo linalosema "wahi hospitali" na kuishia hapo, kwangu ni nusu ya tangazo. Sisi zahanati ya kwanza hatukukuta chanjo. Tulipoipata mjini Moshi saa tatu zilikuwa zimepita. Dakika 15 za bombani ndizo pekee zilizokuwa mikononi mwetu. Kuchanja mbwa ni kazi kubwa zaidi, maana wakichanjwa asilimia 70 maambukizi hukatika, na nitaiandikia siku yake. Jioni hii nasema habari ya mche wa sabuni.

Mtoto alimaliza dozi zake zote, yuko salama. Juzi nilikwenda kwa bibi na kumweleza habari ya sufuria na mafuta, nikachukua na sahani chafu kumwonyesha. Alitazama mafuta yakiachia, akanyamaza kidogo.

"Na ng'ombe wangu aking'atwa na mbwa, naye nimwoshe?"

Naye, bibi. Ila vaa mifuko ya plastiki mikononi, usiguse mate wala damu, na umwite bwana mifugo siku hiyohiyo.