Yogati ya Zambarau

Ijumaa ile masala ya biriani yalinikatikia. Nilichukua yogati ya Kigiriki isiyo na mafuta, baridi ya friji, nikaimwaga yote kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota. Ikageuka chenga nyeupe zinazoelea kwenye maji ya manjano. Mavyaa alilitazama sinia, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, leo umetusagia chaki?"

Yogati haikuwa na makosa. Ina ukali wa asidi, na moto wa ghafla ukiikuta hivyo, protini hushikamana na kuyatema maji. Mafuta husaidia kuzuia hilo, na mimi nilinunua isiyo nayo. Dawa yake ni yenye mafuta kamili, ikae nje ya friji nusu saa, ipigwe na kijiko cha chai cha unga wa dengu kwa kila kikombe, sufuria iteremshwe, kisha itiwe kidogo kidogo huku unakoroga.

Haya yote nayajua. Lakini mbele ya mavyaa nani atakiri? Nikasema, "Mama, wametuuzia feki." Neno likishatoka, itabidi ulithibitishe.

Jumamosi asubuhi nikapanda tuktuk hadi Nyali, nikarudi na mikebe minne ya gramu 500. Miwili imeandikwa "ya Kigiriki", miwili "mtindo wa Kigiriki". Uingereza maneno hayo mawili yalifikishwa mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba yogati ya Chobani iliyotengenezwa Marekani haiwezi kuuzwa huko kama "ya Kigiriki". Walioshitaki walikuwa FAGE, kampuni iliyoanzia Athens mwaka 1926. Mimi jikoni kwangu sitegemei maneno ya kifuniko. Nageuza mkebe, nasoma mgongo.

Ya Kigiriki iliyochujwa kweli huwa na maziwa na bakteria wa kugandishia tu, na protini ya gramu 9 au 10 kwa kila gramu 100. Ya kawaida huwa na 4 hivi. Tofauti ni yale maji yaliyochujwa yakatoka, ndiyo maana kilo moja hula lita tatu za maziwa au zaidi, na ndiyo maana bei yake inauma. Mkebe namba 1 ulisema 9. Namba 2 ulisema 5, na gelatini. Namba 3 ulisema 4, na kitu kiitwacho E1442, yaani wanga uliofanyiwa ufundi kiwandani. Namba 4 ulisema 6, na maziwa ya unga.

Nikapima gramu 200 za kila mmoja, nikafunga kwa melimeli, nikaweka kwenye vichujio juu ya mabakuli, ndani ya friji. Kwa joto letu, ukiitundika juu ya sinki itachacha kabla hujamaliza kufua. Baada ya saa nne: namba 1 imetoa kijiko kimoja cha maji, namba 4 karibu robo kikombe, namba 2 na 3 hata tone. Hapa ndipo watu hudanganyika, wakaona isiyotoa maji ndiyo safi. Wanga na gelatini huyashika maji yasitoke, basi.

Gelatini ni rahisi kuiumbua. Niliweka kijiko cha namba 2 kwenye kikombe, kikombe ndani ya maji ya moto. Ikalegea kama maziwa. Ilipopoa kwenye friji ikaganda tena, ukiitikisa inacheza kama jeli. (Gelatini yaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, kwa hivyo tafuta muhuri wa halali kabla ya kulipa.)

Wanga ndio unaotaka iodini. Dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, kutoka duka la dawa: matone matatu kwenye bakuli dogo la yogati, koroga. Namba 1 ikabaki na umanjano. Namba 3 ikageuka zambarau, zambarau tupu, kama zile za kwenye makuti pale soko la Kongowea, Mombasa. Wanga wa mahindi ya kawaida ungetoa bluu ya kuelekea weusi. Huu wa viwandani mara nyingi hutoka kwenye mahindi ya aina nyingine, na rangi yake huvuta wekundu.

Ilipendeza mno kumwagwa. Nikaifunika kwa sahani, nikairudisha friji, nimngoje mavyaa aje aone ushahidi.

Aliyetangulia ni shemeji yangu, ambaye tangu niolewe hajapita mbele ya friji langu bila kulisalimia. Nilikuwa nakunja nguo nikamsikia: "Shemeji, mashallah! Kumbe wametoa ya zambarau!"

Nilitoka mbio. Kijiko kilikuwa mdomoni.

"Tema! Hiyo ni dawa ya vidonda!"

Akatema kwenye sinki, akasukutua mara sita, uso umekunjamana kama ndimu ya achari. "Sasa yogati ina kidonda gani?"

Akakimbilia kioo, ulimi nje, umetapakaa zambarau. Akaapa atamwonyesha mama yake kuwa nataka kumuua. Mavyaa akaingia baada ya dakika kumi. Shemeji akatoa ulimi: mwekundu safi, kama wa mtoto. Ameusukutua ushahidi wote sinkini, na ule kidogo uliobaki mate yameumaliza, maana mate huuvunja wanga na rangi ikapotea nao. (Ndiyo maana pia kijiko ulicholamba hakirudi mkebeni, yogati ya wanga italegea iwe maji.)

"Una homa wewe?" mavyaa akamuuliza.

Nikalimwaga lile bakuli, nikampangia mama mikebe minne na vijiko vinne, nikaanza kumweleza protini, E1442, mahakama ya Uingereza. Hakungoja. Akaonja namba 3 kwa ncha ya kijiko, akakiweka chini.

"Huu uji," akasema. "Mumenunua uji. Sasa ile chaki ya Ijumaa ilikuwa namba ngapi?"