Mkulima anayeuza kangomba si mjinga

Kila mwaka nasikia maneno yale yale, huku Mtwara, Tandahimba hadi Newala, tena mara nyingi kutoka kwa waliosoma. Mkulima kauza kangomba, yaani kauza korosho kwa mlanguzi zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Mnada ukifunguliwa mwezi wa kumi, hana cha kupeleka ghalani. Basi hukumu ni moja: hajitambui, hana akili ya maisha.

Hukumu hiyo naikataa, na sayansi ya saikolojia inanipa sababu.

Mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Edward Jones na Victor Harris, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro. Hata walipoelezwa wazi kwamba mwandishi alipangiwa upande, hakuuchagua, bado walielekea kuamini kwamba aliyemtetea Castro anamkubali moyoni. Kilichombana walikijua, lakini macho yao yakabaki kwa mtu. Mwaka 1977 Lee Ross akalipa jina tatizo hilo: kosa la msingi katika kueleza matendo ya watu. Sote tunalo. Mimi nikichelewesha deni, mtoto aliumwa. Jirani akichelewesha, ndivyo alivyo.

Sasa mtazame mkulima mwezi wa saba. Hela ya msimu uliopita imekwisha. Mikorosho inataka dawa ya salfa, mashine inataka petroli, mpulizaji hafanyi kazi kwa ahadi. Shule zinafunguliwa, na nyumbani pengine kuna mgonjwa. Kichwa kilichobeba yote hayo kitaifikiriaje bei ya mnada wa miezi mitatu mbele?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno. Watu wale wale, wakiwa hawana kitu, walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kuliko walipokwisha kulipwa. Ukata wenyewe hula sehemu ya akili. Ninapolisoma hilo naumia, kwa sababu sisi huku tunamkuta mtu katika saa yake mbaya kuliko zote, kisha tunasema hiyo ndiyo tabia yake.

Wapo wanaochezea fedha, sikatai; wako hata miongoni mwa wenye mishahara. Lakini mnunuzi wa kangomba huijua hali hii vizuri kuliko wengi wetu. Hagongi hodi mwezi wa kumi na moja watu wakiwa na hela. Anakuja siku ile ambayo mia mbili ya chumvi inatafutwa.

Semina ya akiba ikiitishwa mwezi wa saba inamkuta mtu hana cha kuweka. Napendekeza vyama vyetu vya msingi vya ushirika (AMCOS) vimuulize mwanachama mara tu malipo ya mnada yanapoingia benki: kiasi gani kifungwe, kifunguliwe wakati wa kupulizia? Kiasi akipange mwenyewe, na asiyetaka asilazimishwe. Viongozi wa AMCOS wanaweza kuliingiza hili kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao.