Nimetoka Sinza kufanya mazoezi, nikajikuta Buguruni

Nesi aliyenipima presha ndo chanzo cha haya yote, mimi msinihusishe. Kazini kwetu walikuja watu na vipimo vyao vya bure, nikajipanga foleni kwa ajili ya juisi tu walizokuwa wanagawa, mkono ukafungwa kile kitambaa, kikajaa upepo kikabana, nesi akaangalia mashine, akanitazama usoni, akahamia mkono wa pili. 148 kwa 94. Nikamwambia mbona nimefaulu, shuleni sijawahi kupata namba kubwa hivyo. Hakucheka. Akasema ikifika 140 kwa 90 na kila ukipima siku tofauti unaikuta hapo hapo au juu yake, hiyo ndo presha ya kupanda, kwa hiyo nisiogope sana ila nirudi kupima, na wakati huo huo nianze kujirekebisha.

Nilijua ataniambia nyama basi tena mpaka naingia kaburini. Wala. Akasema baba usijitese, badilisha vitu vidogo vidogo, kimoja kikizoeleka ongeza kingine. Chai unaweka vijiko vingapi vya sukari? Nikasema viwili. Akaniangalia tu. Nikasema vinne. Haya weka vitatu, baadae viwili. Chumvi itoke mezani, maana ya kutwa nzima ukijumlisha na iliyomo kwenye mkate na mboga haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai. Daladala shuka kituo kimoja kabla ya chako utembee. Na kwa wiki upate dakika 150 za kutembea kwa kasi, zigawe nusu saa nusu saa kwa siku tano, wikiendi lala.

Sasa mtu akikwambia hivyo si unaona mteremko? Na ni mteremko kweli, kama unaishi porini peke yako. Sio Sinza.

Hiko kituo kimoja kabla ndo kilianza kuniharibia jina. Mtaani kwetu mtu mzima akionekana anatembea kwa miguu na begi la kazini mgongoni, jua bado linawaka, hakuna anayefikiria afya, wote wanajua kafulia. Boda wa kijiweni wakaanza, "Bosi panda twende, utanilipa hata kesho." Nikikataa wanaangaliana. Mmoja akaja kuniuliza pembeni, kwa upole kabisa, eti kazini wamepunguza watu?

Halafu kuna Mangi. Dukani kwake nina ukurasa wangu kwenye daftari, tumeheshimiana miaka na miaka. Nilizoea kuchukua sukari kilo mbili, sasa mtoto akawa anatumwa nusu. Soda ya jioni nikaikata, maana siku moja nilisoma pale ubavuni mwa chupa nikapiga hesabu, ile ya mililita 350 inakaribia vijiko tisa vya chai vya sukari, yani mimi nahangaika kubana kijiko kimoja kwenye kikombe huku mlango wa uani nimeuacha wazi mbuzi wanaingia. Mangi yeye habari za presha hazijui, anachojua ni mahesabu: sukari imepungua, soda imekatika, mteja anatembea kwa miguu. Nimeenda kuchukua mchele wa kuandikiana kama kawaida, akatoa kalamu sikioni, akafungua daftari taratibu, akatafuta ukurasa wangu, akaugeuza unitazame mimi, akanyamaza. Hakusema neno! Bora angenitukana.

Na ndani ndo usiseme. Chumvi ilivyotoka mezani ikagongana na ugeni wa mama mkwe katoka Muheza, akaonja mchicha, akamgeukia binti yake akamuuliza kwa sauti ya chini ila ya kusikika, "Mwanangu, siku hizi hata chumvi mnanunua kwa msimu?"

Ndo nikaamua mazoezi nifanye alfajiri, kabla watu hawajaamka kunijadili. Kuna jamaa ofisini ana saa ya kuhesabu hatua, ananiambia usipofika elfu kumi hujafanya kitu, nikaja kusoma kumbe hizo elfu kumi asili yake ni biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, wala si kwamba kuna daktari alikaa akapima akaona elfu tisa hazitoshi. Nikamwambia bakini na Wajapani wenu, mimi nimeandikiwa nusu saa.

Na kwa sababu ni nusu saa, simu nikaiacha inachaji, waleti nikaiacha, unaenda nayo wapi? Nikavaa bukta, raba zangu za mtumba wa Karume, na tisheti ya kwanza iliyotokeza kabatini gizani, ambayo kupambazuka ndo naona ni ya pinki, ya kitchen pati ya shemeji yangu, mgongoni imeandikwa TEAM BIBI HARUSI. Nikasema haina shida, nani ananiona.

Nikatokea Sam Nujoma nikashika uelekeo wa Ubungo, natembea kwa kasi kama nilivyoelekezwa, hewa safi, najisikia mwanariadha. Kufika karibu na kituo pale Mlimani City nikasema ngoja nikimbie kidogo. Hapo ndo balaa. Nyuma yangu honi, Costa la Mwenge Temeke hilo linakuja taratibu, konda ananing'inia mlangoni, "Temeke Buguruni Tazara! Wahi mzee wahi!" Nikampungia mkono kwamba hapana, nyie endeleeni. Sasa na wewe unaishi Dar, unajua ukipunga mkono barabarani kinachotokea. Gari likafunga breki, konda akaruka chini, akanifuata, akanishika kiwiko, "Pole mzee umekimbia sana, ingia ingia," mkono mwingine mgongoni ananisukuma. Nataka kuongea, pumzi hakuna.

Mnaweza kusema si ungekataa tu. Nisikilizeni kwanza. Mguu wa kwanza ulivyokanyaga ngazi nikaona siti. Ya dirishani. Imekaa tupu, haina mtu, haina mzigo, hakuna anayeigombea. Mimi miaka yote nimepanda daladala za Mbagala na Gongo la Mboto, nimeshaingilia dirishani, nimeshavunjwa kitasa cha begi, nimeshasimama mguu mmoja hewani kutoka Posta mpaka mwisho wa gari, halafu leo unionyeshe siti ya dirishani tupu uniambie niikatae? Akili ilikataa. Makalio yakakaa.

Nikasema nitashuka Ubungo. Ubungo wakaingia watu wale wa Ubungo, pembeni yangu akakaa mama na ndoo mbili, moja kapakata na nyingine kaiweka miguuni kwangu, mlangoni pamejaa mpaka konda mwenyewe kabaki na mguu mmoja ndani. Tumeipita External ndo konda anafika na zile sarafu zake anazichezesha kiganjani.

"Nauli mzee baba."

"Mdogo wangu, mimi sina hela, nilikuwa mazoezini."

"Mazoezi ndani ya Costa?"

"Hapana, kule nje. Nilikuwa nakimbia."

"Si ulikuwa unakimbiza gari?"

"Sikukimbiza gari. Nilikuwa nakimbia tu."

"Nani anakukimbiza?"

Gari zima limenyamaza linasikiliza. Kuna bibi mmoja kajitanda kanga siti ya mbele akageuka akaniangalia kuanzia raba mpaka kichwani, macho yakaganda kwenye tisheti, akasema, "We konda, mwache baba wa watu. Huyu mke kamtoa ndani usiku, huoni hata nguo alizovaa ni za mkewe?"

Jamani. Ile huruma iliyopita humo ndani ungeweza kuishika. Kaka mmoja aliyesimama juu yangu akaniinamia akaninong'oneza, "Vumilia bro, hata mimi yalinikuta." Mwenye ndoo akaisogeza kidogo nipate pa kuweka mguu.

Nikajaribu kujitetea, "Hapana mama, mimi ni presha tu."

"Najua mwanangu," bibi akasema, "ndo zao, lazima wakupe presha."

Akanilipia. Tumefika Buguruni akashuka na mimi nikashuka, nikamshukuru, shikamoo zangu zote nikazimaliza, akafungua fundo la kanga akanipa elfu mbili, "Kanywe chai, halafu urudi mkayazungumze, watoto wasiteseke." Nikaona nikianza tena habari za dakika 150 atapitwa na safari yake. Nikapokea.

Hiyo elfu mbili ingenirudisha nyumbani na chenji. Lakini mimi nimelelewa, mtu mzima akikwambia kanywe chai, unakunywa. Na pale pale kuna mama anachoma chapati, anaipindua kwa vidole, mafuta yanachemka pembeni yanapiga kelele, anaipigapiga ikae laini ndo anakuwekea kwenye sahani. Zikashuka mbili. Chai ikaja imeshatiwa sukari hukohuko kwenye chupa, hakuniuliza vijiko vingapi na mimi sikutaka kujua. Ikabaki jero. Konda wa kwanza kaiangalia jero akacheka, wa pili hata jero hakuiangalia, alikuwa anasoma mgongo wangu.

Kwa hiyo nikatembea. Buguruni mpaka Sinza ni kilomita kama nane, Mandela Road ile, malori ya bandarini yanakupita sikioni, jua linapanda, vumbi linakaa kwenye jasho. Nimefika Tabata Relini raba ya kulia ikaachama, soli mbele huko inatangulia mimi nafuata. Fundi viatu akaiangalia akasema hii kushona ni buku jero, nikamwonyesha jero yangu, akafikiria, akachukua kamba ya kiroba akaizungusha raba nzima akafunga fundo juu, "Itakufikisha." Na ikanifikisha, heshima kwake. Ila sasa picha uione: bukta, pinki, kamba ya kiroba mguuni. Nimepita Ubungo hakuna hata boda aliyenisemesha.

Nyumbani nakuta viti vya plastiki nje.

Mke wangu amekaa katikati, mama mkwe pembeni yake, mjumbe yupo, jirani wa kulia ameshaleta sukari kilo mbili zimewekwa mezani. Boda wote wa kijiweni wametawanywa kunitafuta. Na Mangi amefunga duka, amekuja, kashika daftari. Mimi naibuka kwenye kona, mama mkwe akapiga ukunga, sijui wa furaha au wa tisheti.

Kumbe walishaniweka kwenye magrupu yote, la ukoo, la mtaa, la wazazi wa shule, la kikoba. Nimepewa simu nisome mwenyewe: "Ndugu zangu naomba msaada, mume wangu ametoka alfajiri mpaka sasa hajarudi, simu ameiacha. Ni mfupi, mnene, ana kitambi. Siku za karibuni amekuwa akitembea peke yake kwa miguu, hanywi soda, hataki chumvi, sukari anahesabu. Akili zake timamu ila ndo hivyo." Na picha wameweka ya harusi ya shemeji, nimeshika paja la kuku.

Yani mguu unawaka, koo limekauka, lakini nilichouliza mimi ni mfupi nani? Na hicho kitambi kimeandikwa cha nini baada ya jitihada zote hizi? Mke wangu anasema ulitaka niandike nini ili watu wakutambue. Mjumbe akasema hilo mtalimaliza ndani, yeye anataka ajue kama kesi imefungwa. Mangi akauliza kwa hiyo kazini upo? Nikamwambia nipo. Akashusha pumzi, akarudisha kalamu sikioni, akaenda kufungua duka.

Nilivyorudi kwa nesi ilisoma 138 kwa 86, akafurahi, akasema endelea hivyo hivyo kidogo kidogo, akaniuliza natembea umbali gani. Nikamwambia inategemea na gari. Siku hizi nazunguka ndani ndani mitaa ya Sinza, Sam Nujoma sikanyagi asubuhi, maana yule konda ameshanikariri, akiniona hata ng'ambo ya barabara anatoa kichwa, "Bibi harusi! Leo Buguruni au tukufikishe Tazara?"

Kilichonishinda ni huo ujumbe tu. Umefutwa kwenye magrupu yetu lakini ulishatoka, ukaenda zake Chalinze, ukaenda Morogoro, na juzi shangazi yangu wa Kilosa ndo umemfikia, akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nasikia huko kwenu kuna mtu kapotea, mfupi, mnene, ana kitambi."

"Shangazi, ndo mimi huyo. Nilishapatikana."

"Ee, nimesikia. Basi mkimpata mniambie, na mmpe chai yenye sukari maskini, wanasema hata soda alikuwa hanywi."