Nani ampime mpiga kura?

Kila kura inapoleta matokeo ya kushtua, lawama hurudi palepale: watu hawakujua walichokuwa wanakipigia. Kisha huja swali zito zaidi. Dereva hapewi leseni bila mtihani. Kwa nini mpiga kura, ambaye uamuzi wake unawaangukia mamilioni, asipimwe kwanza?

Swali hili linastahili jibu, si kebehi. Kura haimgusi aliyeipiga peke yake. Inaweza kumpandishia jirani kodi, au kumpeleka mtoto wa mwenzako vitani. Na ni kweli kwamba wengi wetu tunaingia kupiga kura tukiwa tumesoma kidogo mno, wala si kwa uvivu tu: ukijua kura yako ni moja kati ya mamilioni, kukesha na nyaraka ni jasho lisilo na ujira.

Tazama Colombia mwaka 2016. Mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa FARC ulikuwa na kurasa 297. Ulitolewa mwishoni mwa Agosti, na kura ya maoni ikapigwa Oktoba 2. Mwananchi alipewa wiki tano na ushei apitie mambo ya ardhi, mahakama maalumu, dawa za kulevya na haki za waathirika, halafu ajibu neno moja: ndiyo au hapana. “Hapana” ilishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 60,000 kati ya takribani milioni 13. Zaidi ya asilimia 60 ya wenye haki ya kupiga kura hawakwenda kabisa. Anayesema wananchi hawakuwa tayari ana pa kushika. Mimi nauliza ni nani angekuwa tayari.

Tukirudi kwenye mtihani, umekwisha kujaribiwa. Katiba ya Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani, ya mwaka 1890 ilimtaka anayejiandikisha aweze kusoma kifungu chochote cha katiba hiyo, au akielewe akisomewa, au akifafanue ipasavyo. Sogea karibu na meza yenyewe. Upande huu ameketi karani mzungu, upande ule amesimama mtu mweusi aliyekuja kuandikishwa. Karani ndiye anayechagua kifungu, na karani huyohuyo ndiye anayeamua kama maelezo yametosha. Mzungu angeweza kupewa sentensi fupi iliyo wazi, na mweusi, hata akiwa mwalimu, akapewa kifungu kirefu cha lugha ya kisheria. Kabla ya sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965, chini ya asilimia 7 ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura jimboni humo walikuwa kwenye daftari. Mitihani ilipopigwa marufuku, ndani ya miaka miwili wakakaribia asilimia 60.

Hapo ndipo mfano wa dereva unaponishinda kuukubali. Anayempima dereva hapati chochote dereva akifeli. Anayempima mpiga kura hupata.

Tena elimu haimtoi mtu kwenye maslahi yake. Mwaka 1959 wanaume wa Uswisi, miongoni mwa wapiga kura wazoefu zaidi duniani, waliulizwa kama wanawake wapewe kura ya kitaifa. Asilimia 67 wakakataa. Wanawake walisubiri hadi Februari 1971. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliokilalia siku ile hawakuwa na kura.

Basi tuwaache watu wapige kura hivihivi? Hapana. Australia ililazimisha upigaji kura mwaka 1924, na waliojitokeza wakapanda kutoka chini ya asilimia 60 mwaka 1922 hadi zaidi ya 91 mwaka 1925. Kujitokeza hakuleti maarifa, hilo nakubali; huko mpiga kura huwapa wagombea namba kwa kadiri anavyowapendelea, na baadhi huandika tu namba kufuata mpangilio wa majina, kutoka juu hadi chini. Wenyewe wanaiita kura ya punda. Lakini nchi haikumfukuza mpiga kura. Tangu mwaka 1984, nafasi za majina kwenye karatasi za kura za baraza la wawakilishi hupangwa kwa bahati nasibu, ili herufi ya kwanza ya jina isimbebe mgombea.

Ireland walikwenda mbali zaidi. Kabla ya kura ya maoni ya mwaka 2018 kuhusu kuondoa marufuku ya utoaji mimba kwenye katiba, raia 99 waliochaguliwa kwa kubahatisha walikaa wikiendi tano, wakawasikiliza madaktari, wanasheria na watetezi wa pande zote mbili, wakahoji, kisha wakapendekeza. Hakuna aliyeulizwa anajua nini kabla ya kuingia. Walipewa muda wa kujua. Vikao vilirushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Kura ilipofika, asilimia 64 walijitokeza, na wawili kati ya kila watatu wakasema ndiyo. Unaweza kulipinga jibu lao kwa moyo wako wote, na wengi wanalipinga, lakini huwezi kusema hawakupewa nafasi ya kujua walichoulizwa.